Chupa ya nusu lita

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ile inayouzwa stendi na kwenye kila duka la mtaani. Ijaze asubuhi, uiweke mezani. Kuanzia hapo, kila unachokunywa, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Umekunywa kikombe cha chai, mwaga kikombe. Bakuli la uji, mwaga bakuli. Maji ya kumezea dawa, mchuzi uliorowesha wali, barafu uliyoimung'unya, chungwa ulilolifyonza, vyote vinaingia kwenye hesabu. Chupa ikiisha, siku yako ya kunywa imeisha. Kwa watu wengi haifiki saa nne asubuhi.

Tafadhali usijinyime maji kwa ajili ya hesabu hii. Mwenye figo nzima anayahitaji maji yake, hasa kwenye joto. Kunywa kama kawaida, wewe pima tu, halafu andika saa chupa ilipoisha. Hapo ndipo utakapoanza kuelewa siku ya mtu ambaye figo zake zimefeli. Kanuni anayopewa kliniki ni hii: nusu lita, ongeza kiasi cha mkojo uliotoa jana. Aliyetoa mililita 300 jana, leo ana mililita 800. Asiyetoa hata tone ana ile chupa peke yake, labda na nyongeza kidogo daktari akiridhika na uzito wake. Anaishi nayo Mombasa mwezi wa pili, anaishi nayo Dar es Salaam kwenye daladala iliyokwama foleni, anaishi nayo huku nyumba nzima inakunywa maji ya baridi mbele yake.

Waliozoea kufunga hudhani wanaijua kiu hii. Wanaijua nusu. Mfungaji anajua kuna magharibi, adhana italia, tende itashuka na maji yatafuata. Huyu hana magharibi.

Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika, na kwa kawaida tunalitumia neno hilo tukimwona mtu mwenye ulemavu unaoonekana. Aliyefeli figo haonekani hivyo. Anapanda basi kama wewe, amevaa shati la mikono mirefu kama wewe, na usipojua ni kwa nini shati hilo ni la mikono mirefu wala hutamtazama mara mbili. Ndiyo maana nashikilia kwamba kwa shida ya namna hii kuona kwa macho hakutoshi. Huruma ya jicho huisha ukitoka nje ya geti la hospitali. Inayobaki ni ile ya mtu aliyejua hesabu: maji mangapi, saa ngapi, sindano ngapi, na kiungo kipi mwilini mwake kinafanya kazi hiyohiyo bure wakati yeye amelala.

Tuanze na hicho kiungo. Una figo mbili, kila moja kama ngumi yako, moja ina uzito wa gramu 150 hivi. Kila dakika moyo unazipelekea zaidi ya lita moja ya damu. Kwa siku nzima zinachuja kiasi cha lita 180 za majimaji, yaani ndoo 9 za lita 20, kisha zinarudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja na nusu tu ndiyo itoke kama mkojo. Fikiria mtu anayechota ndoo tisa, anazipepeta tone kwa tone, anatoa taka, chumvi iliyozidi, potasiamu na asidi, kisha anazirudisha kisimani, kila siku tangu uzaliwe. Hizohizo figo ndizo zinazoutuma uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, zinasaidia kuweka presha sawa, na zinaitayarisha vitamini D mifupa iweze kuitumia. Zikifeli si mkojo tu unaokatika. Damu inapungua, presha inapanda, mifupa inalegea, mwili unawasha usiku kucha, chakula kinakuwa na ladha ya chuma mdomoni.

Watoto wa madrasa hufundishwa dua ya kutoka chooni, ya kumshukuru Mungu aliyeniondolea la kudhuru na akanipa afya. Wengi wetu tumeisoma mbiombio miaka yote, mkono kwenye kitasa cha mlango. Ukiwa umekaa na mtu ambaye ana miaka mitatu hajakojoa, maneno ya dua ile yanasimama kila moja mahali pake.

Sasa mashine, ile inayosafisha damu figo zikishafeli.

Vitengo vingi vya kusafisha damu huanza zamu ya kwanza alfajiri, kwa hiyo mgonjwa wa mbali ameamka saa nane au saa tisa usiku. Kitu cha kwanza akifika ni mizani. Anavua viatu, anapanda. Kwenye kadi yake umeandikwa uzito mkavu, yaani uzito anaotakiwa kuwa nao akiwa hana maji ya ziada mwilini. Tuseme ni kilo 60. Leo mizani inasoma 62.8. Hizo kilo mbili na gramu mia nane si shibe. Lita moja ya maji ina kilo moja, basi mizani imesoma maji yote aliyokunywa na kuyala tangu zamu iliyopita na mwili ukakosa pa kuyapeleka. Mbele ya mizani hakuna kuficha kitu, na wagonjwa wengi hupanda wakiwa na wasiwasi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Kisha mkono. Miezi kadhaa nyuma daktari wa upasuaji aliunganisha ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, mshipa unaoirudisha, kwenye mkono wake, ili damu ya kasi ipite kwenye vena na kuinenepesha. Kiungo hicho huitwa fistula ya mkononi, na huchukua wiki sita hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuwa tayari kuchomwa. Ikishakomaa huvimba kama kamba chini ya ngozi, ndiyo sababu ya shati la mikono mirefu. Sindano ni mbili, na si zile za kuchomea chanjo. Zina unene wa milimita moja na nusu au zaidi. Moja inatoa damu, nyingine inairudisha. Kwa mgonjwa wa mara tatu kwa wiki hizo ni sindano 312 kwa mwaka, zote kwenye kipande kifupi cha mkono uleule.

Pampu inavuta damu kwa kasi ya kama mililita 300 kwa dakika, inaipitisha kwenye chujio lenye maelfu ya mirija myembamba kama unywele, kisha inairudisha. Nje ya mirija hiyo yanapita maji maalumu upande mwingine, mililita 500 kila dakika, yakibeba taka. Kwa saa nne zimepita lita 72 za damu, na kwa kuwa mwili una lita 5 tu, ni damu ileile imezunguka mara kumi na nne. Maji yaliyotumika ni lita 120, ndoo sita, kwa mgonjwa mmoja, kwa zamu moja. Na lazima yawe safi kuliko maji ya kunywa, kwa sababu utumbo wako una uwezo wa kukataa vitu ambavyo chujio halikatai. Klorini isipoondolewa hupasua chembe nyekundu za damu. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazili, maji ya bwawa yenye sumu ya mwani yaliletwa kituoni kwa malori bila kusafishwa ipasavyo, na wagonjwa zaidi ya 50 wakafa. Ukipita karibu na kitengo cha figo ukasikia mngurumo chumba cha nyuma, ule ni mtambo wa maji. Bila huo mashine zote mbele ni mapambo.

Umeme ukikatika, mashine nyingi zina betri ya kushikilia pampu kwa muda mfupi tu. Jenereta isipowaka, kuna mpini mdogo wa kuzungushia pampu kwa mkono. Sista anauchomeka na kuuzungusha taratibu, duara baada ya duara, mpaka damu yote irudi kwa mwenyewe. Hawezi kwenda haraka, hawezi kuacha. Damu ikiganda kwenye mirija mgonjwa amepoteza kama robo lita, na huyu tayari ana damu pungufu. Kama zamu ina wagonjwa kumi na wauguzi watatu, kila mzunguko wa mpini ule una mtu mwingine anayesubiri wake. Hiyo ndiyo kazi nyingine ambayo kifua na kiuno chako vinaifanya bila jenereta.

Saa nne mara tatu ni saa 12. Wiki ina saa 168. Figo nzima hufanya kazi zote 168. Mashine inajaribu kuziba pengo kwa 12, na wengi Afrika Mashariki wanapata zamu mbili tu kwa wiki, yaani 8. Kenya, bima ya taifa ya NHIF ilipoanza kulipia huduma hii, ililipia zamu mbili kwa wiki. Lilikuwa jambo kubwa, liliokoa watu waliokuwa wanauza mashamba. Lakini mwili haujui kwamba bima imefika mwisho siku ya Alhamisi.

Siri ya mateso mengi ya kwenye kiti ni hesabu ya maji. Mwili hauwezi kunyang'anywa maji kwa pupa. Kiwango ambacho wataalamu hawapendi kukivuka ni mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mtu wa kilo 60 ni mililita 780 kwa saa, kwa saa nne ni lita tatu na kidogo. Yule wa 62.8 atamaliza salama. Aliyekuja na 65 ana lita tano ndani, na hapo kuna njia mbili mbaya: umwache aondoke na maji yaliyobaki, mengine yakipanda kwenye mapafu ashindwe kulala chali usiku, au umvute kwa nguvu. Ukimvuta kwa nguvu, saa ya tatu presha inaporomoka. Anaanza kupiga miayo, jasho la baridi, kichefuchefu, halafu misuli ya mashavu ya miguu inakaza. Anayejua huona miayo tu akaita sista, kwa sababu dakika tano baadaye mgonjwa anaweza kuzirai. Na kila presha inapoanguka hivyo, moyo nao unakosa damu kidogo. Ukirudia miaka miwili mitatu, moyo unachoka kabla ya mwenyewe.

Kwa hiyo ukiambiwa fulani haruhusiwi kunywa maji, jua kwamba adui wa kwanza ni chumvi. Gramu 9 za chumvi hushika lita moja ya maji mwilini. Mtu aliyekula ng'onda, chipsi zilizonyunyiziwa, au mchuzi wa vidonge vya supu, atakunywa tu, hata umfiche jagi. Kipimo chake cha siku nzima ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichokatwa sawa, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo kwenye mkate. Ukipunguza chumvi ya sufuria umempunguzia kiu, na huo ni msaada mkubwa kuliko kumkemea. Zile chumvi zinazotangazwa kuwa za wagonjwa wa presha, zisizo na sodiamu, msimpe kabisa: nyingi zimewekwa potasiamu badala yake, madini ambayo kwa asiyekojoa ni hatari, kama utakavyoona jikoni.

Kuna mbinu ndogondogo ambazo wenyewe hufundishana. Kunywa kwa kikombe cha kahawa, kile cha barazani kisicho na mkono, ambacho kinakupa hisia ya kumaliza kikombe kwa mafunda mawili matatu. Kugandisha sehemu ya maji ya siku ili kuyamung'unya polepole. Kusukutua kwa maji baridi na kutema. Kukilamba kipande cha limau. Kumeza vidonge kwa kijiko cha uji uliomo tayari kwenye hesabu. Ukikaa na mtu anayefanya haya kwa umakini wote huo, halafu ukarudi nyumbani ukamwona mtoto anaacha glasi nusu na kuimwaga kwenye sinki, hutamkaripia, lakini utaiona glasi.

Jikoni ndipo familia inapochoka zaidi, kwa sababu chakula chetu chote kimejaa potasiamu. Tui la nazi, ndizi mbivu na mbichi, muhogo, viazi vya aina zote, mchicha na kisamvu, maharage, nyanya, parachichi, machungwa, madafu, tende. Kwa mwenye figo nzima ni vyakula vizuri kabisa. Kwa asiyekojoa, potasiamu haina pa kutokea, inajilimbikiza kwenye damu. Kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita ya damu, ikipita 6.5 moyo unaweza kusimama ghafla, mtu akiwa anaongea. Dalili mara nyingi ni ndogo mno, miguu kuwa mizito na ganzi kuzunguka mdomo, au hakuna dalili yoyote.

Viazi vyake hupikwa hivi. Menya, kata vipande vyembamba kama nusu sentimita, osha. Weka kwenye sufuria kubwa yenye maji mengi, mara tano ya viazi au zaidi, chemsha mpaka vianze kulainika, mwaga maji yote. Weka maji mapya, chemsha tena mpaka viive, mwaga tena. Maji yale usiyafanye supu wala mchuzi, potasiamu imo humo. Vipande vikiwa vinene mbinu haifanyi kazi, kwa sababu potasiamu inatoka kupitia uso uliokatwa tu. Ukivipika kwa mvuke au kuvikaanga kutoka vibichi umeiacha yote ndani. Na hata baada ya kazi yote hiyo anakula kidogo, si sahani nzima. Mchicha nao unachemshwa na kumwagwa maji kabla ya kuungwa. Wali mweupe na ugali wa sembe ni salama kuliko dona, jambo linalowashangaza wengi waliofundishwa kwamba dona ndiyo afya. Kabichi, vitunguu, tofaa, peasi na nanasi kidogo vinaruhusiwa. Nyama, samaki asiyekaushwa kwa chumvi na ute wa yai anavihitaji hasa, kwa sababu mashine inatoka na protini yake kila zamu. Ndugu wanaomlisha uji na mboga tu kwa wiki nzima wanamdhoofisha wakidhani wanamlinda.

Mtu wa nje huona sahani ile akasema mbona haina ladha. Mpishi wa sahani ile amesimama jikoni saa nzima zaidi ya wewe kwa ajili ya viazi vinne.

Hatari kubwa iko kwenye pengo la siku mbili. Wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hukaa tangu Ijumaa mpaka Jumatatu; wa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hukaa mpaka Jumanne. Tafiti zimeonyesha kwamba vifo na kulazwa hospitali huongezeka mwisho wa pengo hilo. Na pengo hilo ndilo lenye harusi zetu, arobaini zetu, na sikukuu. Mwenyeji anamsukumia sahani ya pilau na madafu, akisema leo tu, leo ni furaha. Ukiwa unampenda, mwekee sahani yake pembeni kabla watu hawajafika, na umwambie mgeni mwenye kushawishi akae mbali naye.

Hapo nifike kwenye kwenda kumwona mgonjwa, kwa sababu ndipo wengi wanapotafuta ile shukrani. Kwetu ni ada, nayo ni ada njema. Lakini kikapu kinachopelekwa wodini mara nyingi ni ndizi, machungwa, madafu mawili na juisi ya boksi. Umebeba kwa upendo kila kitu kinachoweza kumuua. Ukitaka kubeba chakula, beba tofaa au mayai, na muulize kwanza anayemhudumia. Kinachohitajika zaidi hakina uzuri wa kukibeba mkononi. Ni nauli. Mara tatu kwa wiki, kwenda na kurudi, kwa watu wawili kwa sababu hawezi kurudi peke yake akiwa na kizunguzungu, ni safari 12 kwa wiki. Wapo wanaokosa zamu si kwa kukosa bei ya mashine bali kwa kukosa nauli ya bodaboda mvua ikinyesha. Ukimpa mtu nauli ya mwezi mmoja umempa zamu kumi na mbili au kumi na tatu.

Kingine ni kukaa. Saa nne za kiti ni ndefu, na ndugu anayemsindikiza ana shamba, ana genge, ana watoto. Chukua zamu yake siku moja. Na usimpokee mgonjwa kwa kumshika mkono wenye fistula, usiutundikie mfuko, usikubali mtu yeyote aupime presha au autoe damu kwenye maabara ya mtaani. Mwenyewe hulala asiulalie. Kila asubuhi huweka vidole juu yake kusikiliza mtetemo, kama paka anayekoroma chini ya ngozi. Mtetemo ukipotea mshipa umeziba, na lazima aende hospitali siku hiyohiyo, si kesho. Anayetumia mpira wa shingoni, yaani mrija ulioingizwa kwenye mshipa, kwa kuwa hana fistula ana hofu nyingine: maji ya kuoga yakiingia kwenye bandeji, wadudu wanaingia kwenye damu. Ukimwona anatetemeka kwa baridi dakika chache baada ya kuunganishwa kwenye mashine, hiyo si kiyoyozi, mwite sista.

Kuna shukrani moja ambayo naomba tuiache mlangoni. Ni ile ya kusimama mwisho wa kitanda, kumtazama mtu toka kichwani mpaka miguuni, na kusema kwa sauti, "Kweli tumshukuru Mungu sisi tulio wazima." Amesikia. Amefanywa kioo. Masheikh hufundisha kwamba anayemwona aliyepatwa na mtihani amhimidi Mungu kimyakimya, asimsikilizishe mwenye mtihani, na nadhani hata asiye Mwislamu anaielewa adabu hiyo bila kutafsiriwa. Pia haina ukweli wa kutosha. "Afadhali mimi" inasema kana kwamba kuna ukuta kati yako na kiti kile. Ukuta huo kwa wengi wetu ni presha ambayo hatujaipima.

Wengi waliokaa kwenye viti vile waliletwa na presha na kisukari, magonjwa yasiyouma. Wengine ni ugonjwa wa figo zenyewe, wengine mkojo uliozibwa na tezi dume au mawe, wengine VVU. Wapo walioharibiwa na vidonge vya maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, walivyonunua dukani miezi na miezi kwa ajili ya mgongo, hasa wale waliokuwa tayari na presha au wanaofanya kazi juani bila maji. Wapo waliokunywa dawa za mizizi wasizojua zina nini. Figo zina hila moja: hazilalamiki. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake akiwa analima, anacheza mpira, anapanda ghorofa. Akivimba miguu na uso asubuhi, mara nyingi muda mwingi umeshapita.

Ndiyo maana naona shukrani ya figo ina mahali maalumu pa kufanyikia, nako ni zahanati. Pima presha, ikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, si ya kuachia. Mwenye kisukari, mwenye presha, na mwenye ndugu aliyefeli figo wapime mkojo kwa kile kijiti kuona kama una protini, na damu kwa kreatinini, taka ambayo figo nzima huiondoa, angalau mara moja kwa mwaka. Mkojo wenye povu zito lisiloisha ni sababu ya kwenda hata kama huumwi. Dawa ya presha haimezwi siku kichwa kinapouma. Inamezwa kila siku, hata ukijiona mzima, kwa sababu uzima huo ndio unaotokana nayo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba hata kiti chenyewe ni kipya. Mashine ya kwanza iliyofanya kazi kwa binadamu ilitengenezwa na daktari Willem Kolff mjini Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Mirija yake ilikuwa ngozi bandia ya kujazia soseji. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Aliyepona alipatikana mwaka 1945. Mpaka mwaka 1960, ambapo daktari Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alibuni njia ya kuacha mrija wa kudumu mkononi, hakuna aliyeweza kusafishwa damu kwa miaka. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11. Lakini mashine zilikuwa chache, na pale Seattle iliundwa kamati ya raia wa kawaida kuchagua nani apewe nafasi na nani aachwe. Kwetu hakuna kamati ya namna hiyo. Kuna umbali wa hospitali, kuna bima, na kuna mfuko wa ukoo.

Njia ya kutoka kwenye kiti ni kupandikizwa figo. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza Tanzania Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Anayetoa hubaki na figo moja, nayo hujitanua na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Akichunguzwa vizuri kabla na kufuatiliwa baadaye, huishi maisha ya kawaida. Anayepokea atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hiyo, asubuhi na jioni, saa zilezile, maisha yake yote.

Na kuna jambo hutokea saa za kwanza baada ya upasuaji. Figo iliyotoka kwa ndugu aliye hai mara nyingi huanza kutoa mkojo hapohapo mezani, kabla madaktari hawajamaliza kushona. Mgonjwa akirudi wodini mfuko wa mkojo unajaa, na sista anapima kila saa, anaandika: mililita 400, mililita 600. Kinachotoka kinarudishwa kwa dripu. Siku inayofuata au ya pili yake, akiweza kunywa, analetewa maji. Lita mbili, tatu kwa siku, anaambiwa, na usiruke. Mtu huyu ana miaka anakunywa kwa kikombe cha kahawa. Anaishika chupa ya nusu lita, anafungua kifuniko, anakunywa funda moja, anaisimamisha na kumtazama sista kama anayeuliza. Sista anamwambia imalize, nyingine ipo.